Nani Alijenga Moshi? Majibu kwa Wanaousimulia Mji kutoka Mlimani

Historia ya Moshi husimuliwa kuanzia juu kuja chini. Huanzia kilele cha Kibo, ikapita kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na mifongo ya maji, ikawataja watawala, Mangi Rindi na Mangi Meli, ikasifu kahawa na shule za misheni, na ikifika bondeni, kwenye mji wenyewe, pumzi imekwisha. Majengo, Njoro, Bondeni, Kiusa, Kaloleni, Pasua, Bomambuzi: kata zote hizi hugawana sentensi moja, na mara nyingi ni sentensi ya lawama.

Madai ninayoyajibu hapa si ya mtu mmoja. Utayasikia kwenye vikao vya harusi, kwenye daladala, msibani watu wakisubiri mwili ufike, na wakati mwingine jukwaani kutoka kwa watu waliopaswa kujua zaidi. Baadhi yana chembe ya ukweli, nami nitaitaja ilipo. Lakini chembe hiyo imekuzwa hadi ikafunika watu waliokoboa, waliobeba, waliofua, waliopika na waliofagia mpaka mji ukasimama.

“Moshi ni mji wa Wachagga, wengine wote ni wageni”

Mlima ni wa Wachagga, hilo halina ubishi. Mji ni habari nyingine.

Moshi ya asili iko juu, kwenye himaya ya Rindi. Huko ndiko Wajerumani walikojenga boma, na huko ndiko walikomnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wenzake tarehe 2 Machi 1900. Mji tunaoujua leo uliletwa na reli. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Mombo 1905, na mwaka 1911 garimoshi likafika chini ya mlima. Wakoloni wakateremsha shughuli zao kufuata abiria na mizigo, wakaupa mji mpya jina la Neu-Moschi, na kule juu pakabaki Old Moshi. Basi asiulizwe mtu ukoo gani ulianzisha mji huu. Ulianzishwa na stesheni.

Na stesheni haichagui kabila. Waliokuja na reli ni vibarua wa tuta, mafundi, makarani, makuli wa mizigo, wapishi wa wazungu, wachuuzi wa Kihindi na wa Kisomali, Waswahili wa Pwani, Wasambaa, Wanyamwezi, Wamanyema, na Wapare ambao kwao ni hapo hapo njiani. Wengine walitangulia reli, maana misafara ya kutoka Pangani ilikuwa ikipanda hadi Uchaggani kufuata pembe tangu karne ya kumi na tisa. Alama zao bado ziko. Nenda Soko la Manyema. Uliza njia ya Njoro ya Dhobi, au Njoro ya Goa. Hayo si majina ya koo za Uru wala Kibosho.

Kwa nini Wachagga wenyewe hawakuteremka kwa wingi siku zile? Kwa sababu hawakuwa na shida ya kuteremka. Bondeni kulikuwa na homa na mvua haba. Watu walishuka kulima mahindi na ulezi, kisha wakarudi juu kulala. Utajiri ulikuwa kihambani: migomba, ng'ombe wa zizini, mbege, na baadaye kahawa. Mwenye kihamba kinachozaa angetafuta nini stesheni, kubeba gunia la mtu mwingine kwa senti chache? Mashamba ya mkonge na ya miwa ya tambarare nayo yalilazimika kuchukua watu kutoka mbali kwa sababu hiyo hiyo. Wazee wa mlimani waliuona mji kama mahali pa kumpotezea kijana, na neno “Mswahili” likatumika huko juu kama tusi dogo, la mtu asiye na kwao.

Kisha ardhi ikaanza kubana. Kwa desturi, mtoto wa kwanza hutafutiwa sehemu yake na kitinda mimba hurithi nyumba ya baba. Wa katikati hutegemea bahati na ukubwa wa shamba. Familia zilipoongezeka na vihamba vikakatwakatwa hadi vikawa vipande, wale wa katikati ndio walioshuka. Walishuka bila ardhi, wakapanga chumba kwenye nyumba ya Mpare au ya bibi wa Kimanyema, wakalipa kodi mwisho wa mwezi na kujifunza namna ya kuishi na watu kumi na wawili wanaotumia choo kimoja. Mjini, wao ndio waliokuwa wageni. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuzika wazazi wao huko.

Leo Wachagga ni wengi mjini, na biashara nyingi ni zao. Sawa. Wingi wa leo haubadilishi nani aliyetangulia kufungua mlango.

“Kahawa ndiyo iliyojenga mji”

Dai hili lina nguvu, kwa hiyo tulitendee haki. Kahawa ililetwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga wakaunda chama chao, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, walowezi wakinung'unika kwamba Mwafrika hawezi kuilima vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kikageuzwa kuwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichokuja kuwa na jina hadi nje ya Tanganyika. Fedha zake zilisomesha watoto na kujenga shule, na jengo la KNCU mjini lilikuwa fahari ya kila mkulima aliyeteremka kulitazama. Hakuna mtu wa Njoro anayeyakana hayo.

Ila kahawa haitembei. Ikitoka kihambani punje bado zina ganda lake jembamba. Lazima zikaushwe hadi ziwe ngumu, zikobolewe kiwandani, zichambuliwe kwa ukubwa na uzito, AA mbali na A, B mbali na C, zile za mviringo peke yake, kisha zitiwe kwenye magunia ya kilo 60, zishonwe, zipangwe, zipakiwe behewani. Mkulima haoni hatua hizo. Zinafanyika mjini, kwenye kiwanda cha kukoboa cha TCCCO na maghala yake, na anayezifanya ni kibarua wa msimu: akiitwa kahawa inapoiva, akiachwa inapokwisha. Miezi ya katikati anaishi kwa mkopo wa dukani.

Mnada wa kahawa ukafanyika Moshi, jina la Kilimanjaro likaandikwa kwenye mifuko huko Ulaya, na bei ikagawanywa. Mkulima alipata sehemu yake, nayo tumeiandikia vitabu. Kuli alipata ujira wa siku. Bila yule aliyelima kusingekuwa na mzigo, na bila huyu aliyebeba mzigo usingefika bandarini. Kumtaja mmoja na kumwacha mwenziwe ni hesabu ya nusu.

Tena kahawa haikuwa peke yake. Mwaka 1930 kampuni ya Kidenmarki ya A.P. Møller ilianzisha shamba la miwa la TPC kule Arusha Chini, na miwa ikafunika tambarare ya kusini. Wafanyakazi waliletwa kutoka pande nyingi za nchi, wakaishi makambini, na mshahara ukitoka walipanda kwenda Moshi. Walinunua kanga, waliacha saa kwa fundi, walikula kwa mama lishe, walikunywa. Maduka mengi ya chini ya soko yaliishi zaidi kwa shilingi za miwa kuliko za kahawa, maana mkulima wa mlimani aliyepata fedha alinunua bati na kurudi nalo kwake.

“Shanty Town ndiko kulikokuwa na mabanda”

Hili nalijibu haraka, kwa ajili ya wageni. Atokaye Dar es Salaam akisikia Shanty Town anadhani ni Tandale. Afike aone: miti mirefu, nyua pana, barabara tulivu, hospitali ya KCMC jirani. Ilikuwa sehemu ya wazungu na baadaye ya wakubwa. Walala hoi wa Moshi hawajawahi kuishi Shanty Town isipokuwa kwenye chumba cha mtumishi, nyuma ya nyumba kubwa.

“Uswahilini ni makazi ya wavamizi, hakuna mpangilio”

Mpangilio ulikuwepo, na ndio uliowaumiza. Chini ya Waingereza, kanuni za miji za mwaka 1923 zilipanga mji kwa namna ya nyumba, na namna ya nyumba ilikuwa njia ya adabu ya kusema rangi ya ngozi. Wazungu walipewa sehemu za juu zenye hewa na viwanja vikubwa. Wahindi walipata mitaa ya maduka. Mwafrika alipata kiwanja kidogo upande wa chini, na katika miji ya Tanganyika haki yake juu ya kiwanja hicho ilihesabiwa mwaka hadi mwaka. Fikiria mwenyewe: ukijua kwamba mwakani unaweza kuambiwa uondoke, utajenga kwa mawe? Watu walijenga kwa miti na udongo, wakaezeka kwa madebe yaliyonyooshwa, halafu afisa afya akapita na kalamu yake akaandika kwamba wenyeji wanapenda nyumba duni. Mwaka 1944 ikaongezwa sheria ya kuwaondoa mijini watu “wasiotakiwa”. Asiye na kazi ya kuandikwa alijua kwamba anaweza kupakiwa na kurudishwa kwao, hata kama kwao ni hapo.

Pamoja na hayo walijenga. Na nyumba waliyojenga ilikuwa na akili yake: vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi mrefu katikati, uwani jiko na choo na mahali pa kuanikia nguo, mbele baraza. Mwenye nyumba analala chumba kimoja, vitano vinamlisha. Mjane aliyefukuzwa na shemeji zake mlimani au Upareni, akipata nyumba ya namna hiyo, hakuhitaji tena kupiga magoti kwa mtu. Wataalamu wengi wa mipango miji wamepita wakiiona nyumba hiyo kama tatizo la msongamano. Mimi naiona kama pensheni ambayo serikali haikuitoa.

Pasua na Bomambuzi zina hadithi nyingine, maana zilikua sana baada ya uhuru, mji ulipoyafikia mashamba. Aliyetaka kujenga alimfuata mwenye shamba, wakakubaliana bei, wakaandikiana karatasi mbele ya balozi wa nyumba kumi na mashahidi. Je, hati ya serikali ilikuwepo? Kwa wengi haikuwepo. Upimaji ulichelewa kuliko watu, na ulichelewa kwa miaka mingi. Lakini mtu aliyelipa, akashuhudiwa na akapewa mpaka unaojulikana na majirani wote, huyo si mvamizi, na kumwita hivyo ni kujiandalia sababu ya kutomlipa fidia.

Wapo pia wanaosema mji umefurika watu wa kuja. Takwimu za sensa hazisemi hivyo. Mwaka 1957 Moshi ilikuwa na watu wasiofika elfu 14. Mwaka 2012 walikuwa 184,292 na mwaka 2022 wakafika 221,733. Katika miaka hiyo kumi ya mwisho, manispaa iliongezeka kwa takriban asilimia 20, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Moshi inakua polepole kuliko Tanzania, kwa sababu imebanwa. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 59 tu, juu kuna vihamba, chini kuna miwa ya TPC na mpunga wa Lower Moshi. Anayekosa nafasi anajenga ng'ambo ya mpaka, Mabogini na kwingineko, kisha asubuhi anaingia mjini kufanya kazi na jioni anahesabiwa kijijini. Ndiyo maana hoja ya Moshi kuwa Jiji inarudi kila mara kwenye suala la mipaka.

“Uhuru uliletwa na wasomi wa mlimani”

Kila mtoto wa shule anajua kwamba Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge kileleni Uhuru ulipoingia tarehe 9 Desemba 1961. Muulize mtoto huyo huyo Halima Selengia ni nani.

Mlimani kulikuwa na siasa, tena kali. Mwaka 1937 wakulima walivunja maghala ya vyama vya msingi wakipinga kulazimishwa kuuza kahawa yao yote KNCU. Mwaka 1949 Petro Njau na wenzake waliunda Kilimanjaro Chagga Citizens Union, na juhudi zao zikazaa uchaguzi wa Mangi Mkuu mwaka 1951, Thomas Marealle akashinda. Mwaka 1960 wananchi walipiga kura kuondoa utawala huo wa kimangi na nafasi yake ikachukuliwa na rais wa kuchaguliwa, Solomon Eliufoo. Ila tazama mambo yenyewe yaliyogombewa: kahawa ya Wachagga, ardhi ya Wachagga, mangi wa Wachagga. TANU ilipoanzishwa Julai 1954, ikisema habari za Mtanganyika asiye na kabila, ilikuta mlimani watu tayari wana chao.

Iliota chini. Mtu wa Majengo hakuwa na mangi wa kumtetea wala KNCU ya kumkopesha. Jirani yake wa kulia alikuwa Mpare, wa kushoto Mzigua, na lugha yao ya ugomvi na ya mapatano ilikuwa Kiswahili. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba nchi ni moja hakukuhitaji hotuba ndefu. Walioibeba kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, walikuwa wanawake, wengi wao Waislamu wasiosoma shule za misheni, waliokuwa na biashara zao ndogo na vikundi vyao vya ngoma. Kikundi cha ngoma kina viongozi, kina michango, kina namna ya kupeleka habari nyumba hadi nyumba bila karatasi. Chama cha siasa kinataka nini zaidi? Mwanahistoria Susan Geiger alikuja akawahoji akina mama hao wa Moshi, Halima Selengia akiwa mmoja wao, na kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu wanawake wa TANU kikawaweka kwenye rafu moja na Bibi Titi Mohamed. Imebidi watu wa chuo kikuu cha mbali wakisome ndipo sisi tuambiwe kwamba hao ni bibi zetu.

Waongeze na wafanyakazi wa reli. Mwaka 1960, chama chao chini ya Kasanga Tumbo kiliongoza mgomo mrefu uliotikisa reli za Tanganyika, na mji wa stesheni kama Moshi haukuweza kuutazama kwa mbali. Historia rasmi inapoitaja Moshi ya miaka ile hupenda kumbi: mkutano wa mshikamano wa Afrika na Asia wa Februari 1963, na ule wa Machi 1979 ambapo Waganda wa uhamishoni walimchagua Yusuf Lule kuongoza umoja wao dhidi ya Idi Amin. Ni heshima kwa mji. Siasa yake ilianza kwenye baraza la udongo kabla ya kuingia ukumbini.

“Viwanda viliuawa na wizi na uvivu wa wafanyakazi”

Dai hili linaniudhi kuliko mengine, maana linasemwa mbele ya watu waliotoa ujana wao kwenye mashine hizo.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Moshi ilikuwa mji wa viwanda kweli: magunia, ngozi kule Karanga, viberiti, na katika miaka ya 1980 kiwanda cha vipuri na mashine huko Hai kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria. Kwa kijana wa Kaloleni, king'ora cha kiwandani kilikuwa na maana ya mshahara wa mwezi, bima, na jina kwenye daftari la kudumu baada ya babu na baba kufa vibarua.

Sasa fuatana na miaka. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo. Viliruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Tazama ramani uone maana yake kwa Moshi: tangu Waingereza walipojenga reli ya kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe wakati wa Vita vya Kwanza, njia ya karibu ya mji huu kwenda baharini ilikuwa Mombasa. Mlango huo ukapigwa komeo. Mwaka uliofuata vita na Amin vikaanza, bei ya mafuta ikapanda, na fedha za kigeni zikakauka. Mashine iliyotoka Ulaya ikivunjika meno, jino jipya linanunuliwa kwa dola, na dola hazipo. Mfanyakazi anakuja asubuhi, anakaa kando ya mashine iliyolala, jioni anaandikwa kwamba hakuzalisha.

Katikati ya miaka ya 1980 biashara ikafunguliwa, na mifuko ya plastiki, nyepesi na rahisi, ikalikuta gunia la nyuzi likiwa hoi. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgao wa kahawa yakavunjika na bei ikaporomoka, kwa hiyo hata mteja mkuu wa gunia akawa hana kitu. Mwaka 1992 ikaundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, na ubinafsishaji ukafuata. Baadhi ya viwanda vile viliuzwa vikafungwa, vingine vikageuzwa maghala. Hata garimoshi la abiria likaacha kuja kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi Desemba 2019.

Je, wizi haukuwepo? Ulikuwepo. Mshahara usiofikisha tarehe kumi na tano huzaa wizi, na wizi mkubwa haukufanywa na aliyepekuliwa getini kila jioni. Na kuhusu uvivu, tuna kipimo. TPC ilikuwa mali ya umma, ikapita shida zile zile, ikabinafsishwa mwaka 2000 kwa wawekezaji walioingiza mtaji, mitambo na usimamizi. Leo inazalisha zaidi ya tani 100,000 za sukari kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa wakati huo. Watu ni wa bonde lile lile. Kilichobadilika ni mtaji na vipuri.

Wakati huo wote kata za chini zilikula nini? Mama alitoka. Alipika mbege, alifungua genge, alikaa kwenye masoko ya Memorial na Kiboriloni na marobota ya mitumba. Mtoto wa kiume akapanda mlima na mizigo ya watalii, kazi ambayo wenyewe wanaitana “wagumu”, kilo 20 mgongoni na kichwani kuelekea kwenye baridi kali. Mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi iliwahesabu watu wa namna hii kuwa wazururaji na ikataka kuwarudisha mashambani. Mashamba yapi, kwa mtu aliyezaliwa Bondeni?

“Moshi ni safi kwa sababu ya tabia ya wenyeji”

Mji umetunukiwa mara nyingi kwa usafi, na faini ya kutupa taka inaogopwa. Sitaki kuwanyima watu sifa yao. Lakini amka kabla ya alfajiri upite katikati ya mji uone ni nani ameshika ufagio, halafu fuatilia anakoishi. Utashuka naye hadi mtaa ambao gari la taka huutembelea kwa kuchelewa kuliko barabara anayoifagia. Tabia njema inalipwa ujira mdogo sana.

“Mjini ni kambi tu, nyumbani ni mlimani”

Desemba mabasi ya kutoka Dar yanapojaa, kila gazeti huandika habari ya Wachagga kurudi kwao, na mji unaandikwa kama kituo cha kushukia. Kwa wengi ni kweli, na ni desturi nzuri: mtu anapanda Rombo, Marangu, Machame, anachinja, anaona makaburi ya baba zake kihambani. Kuna wengine hawapandi popote. Bibi yao alizikwa kwenye makaburi ya manispaa, mama yao pia, nao watazikwa humo. Siku ya sikukuu wanafungua duka, maana wageni watahitaji soda na vocha. Watu wa kizazi cha tatu na cha nne mahali pamoja hawako kambini. Na ukiwauliza ni kabila gani, wengi watakutajia la baba, la mama, na la bibi, kisha watakwambia wao ni wa Njoro.

Nina ombi kwa makundi matatu. Kwanza madiwani: mnapotoa majina ya mitaa mipya, toeni moja la mwanamke wa TANU wa Majengo na moja la mfanyakazi wa reli, msirudie majina ya wakubwa ambao tayari wana barabara Dar na Dodoma. Pili walimu wa Chuo Kikuu cha Ushirika: wanafunzi wenu wanapanda kila mwaka kuwahoji wakulima wa kahawa, mpelekeni angalau mmoja Bondeni na Kiusa, kwa wazee waliokoboa na kubeba kahawa hiyo. Tatu ninyi mliozaliwa kata za chini. Kwenye sanduku la bibi kuna risiti za kodi ya kiwanja, kadi ya TANU, kadi ya chama cha wafanyakazi, picha ya kikundi cha ngoma. Msivichome wala msiwape watoto wavichezee. Andikeni majina nyuma ya picha wakati anayewatambua waliomo bado yuko hai, pigeni nakala, na nakala moja ipelekeni maktaba ya mkoa.